Makarai Mawili ya Majivu

Wiki yangu ya mwisho kazini mliniomba niwaachie maandishi, na mmoja wenu akaongeza kwa adabu kwamba yasiwe marefu. Nimejaribu. Vyeo nilivyopanda vimo katika faili langu, kabati la pili, na sitavirudia hapa kwa sababu havikumfundisha mtu yeyote kupima mchanga. Nitaandika juu ya siku zangu za kwanza, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya kalavati moja, daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara, ng'ambo ya Usoke. Hilo la mwisho mmelisikia vipande vipande kutoka kwa madereva, na madereva hulisimulia vibaya.

Niliingia katika maabara yetu ya zege hapa Tabora nikiwa na stashahada na kalamu tatu za rangi tofauti. Wakati huo maabara ilikuwa banda la bati karibu na reli. Treni ya Mwanza ilipopita, sindano ya mizani ilitikisika, nasi tulisimama kimya tukingoja itulie ndipo tusome. Aliyenipokea alikuwa fundi sanifu mkuu, Mzee Hemedi, mtu wa mjini, wa ukoo wa maseremala walioishi Tabora tangu enzi za misafara. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, kisha akazitazama kalamu zangu.

"Binti, umekuja kuchora au kupima?"

"Kupima, Mzee."

"Basi moja inatosha. Hizo mbili kamgawie karani, atafurahi."

Kazi yake ya kwanza kwangu ilikuwa kunimiminia mchanga wa mto kiganjani na kuniambia niusugue, niukung'ute, halafu nitazame kiganja. Kikibaki safi, mchanga uendelee kupimwa. Kikibaki na tope, urudi ulikotoka kabla hujawasha jiko la kukaushia. Nilimuuliza kipimo hicho kimeandikwa wapi. Alinionyesha kiganja changu mwenyewe. Baadaye alinifundisha pia kipimo kilichoandikwa kitabuni, tukalinganisha majibu, yakakubaliana. Nimekuwa nikifanya vyote viwili hadi mwezi uliopita, na ninakiri kwamba siku ambazo vilipingana niliamini kiganja kwanza, halafu nikarudia kile cha kitabu mpaka nikajua nimekosea wapi.

Wiki ileile niliandika alama juu ya vibonge vya zege, zile kyubu tunazozivunja kwenye mashine ili kujua nguvu yake. Alama zangu zilikuwa herufi, mkwaju, tarakimu, mkwaju, herufi tena. Niliziona nadhifu sana. Kibarua aliyezitoa kyubu kwenye tangi la maji hakuona chochote cha maana katika alama hizo, akazipanga kadiri mkono wake ulivyozifikia. Tulivunja kyubu za watu wawili tofauti bila kujua ipi ni ya nani. Mzee Hemedi hakukasirika. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasema:

"Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Mzigo unafungwa Ujiji na mtu mmoja, unabebwa na wa pili, unafunguliwa pwani na wa tatu ambaye wa kwanza hajawahi kumwona. Kwa hiyo fundo lilikuwa moja tu, ambalo kila mtu analijua. Wewe ukitaka kuonyesha ufundi wa mafundo, kafunge mbuzi wako nyumbani."

Nilicheka, nikayaandika maneno hayo daftarini. Kuyaandika, kama mtakavyoona, hakukuwa sawa na kujifunza.

Miaka iliyofuata nilipima mchanga wa Bukene, wa Isikizya, wa kila kijito kinachokauka baada ya mvua. Tatizo letu lilikuwa lilelile: makalavati ya barabara zinazokatiza mbuga hayakudumu. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji miezi mingi, maji hupenya kwenye zege, hufika kwenye nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, zege hupasuka. Watu husema kalavati limechoka. Kwa kweli limekunywa maji kupita kiasi. Swali hilo ndilo lililonipeleka kusoma shahada ya uzamili nikiwa tayari mtu mzima, mwenye watoto wawili na miwani.

Wengi wa Tabora hawajui kwamba mkoa wao una volkano. Vilima vya Igwisi viko magharibi, mbali kupita Urambo, vidogo kiasi kwamba msafiri anaweza kuvipita akidhani ni vichuguu vilivyokua sana. Lakini masalia yake ni ya volkano, ya rangi ya kijivu yenye chembe za kijani, na ukiyachekecha vizuri unapata mchanga unaofanya kazi mbili. Chembe zake kubwa hujaza nafasi kati ya kokoto, kama mchanga wowote. Vumbi lake laini hufanya jambo jingine: taratibu sana huungana na chokaa inayotolewa na saruji, na kuziba vijia ambavyo maji yangepitia. Ndiyo maana zege lake hudumu. Halina haraka. Siku ya saba linaonekana dhaifu kuliko la kawaida, siku ya ishirini na nane linalifikia, mwezi wa tatu linalipita. Niliwaambia wanafunzi wengi kwamba zege hilo linafanana na mtu aliyerudi shule ukubwani. Hakuna aliyecheka, labda kwa heshima.

Lina kasoro moja. Chembe zake zina vitundu, na vitundu hunywa maji. Nilipomletea Mzee Hemedi sampuli ya kwanza, aliimwagia kijiko kimoja cha maji, akatazama yanavyopotea.

"Huyu ana kiu," alisema. "Mnyweshe kwanza. La sivyo atakunywea maji ya saruji, na saruji ikikosa maji haina la kufanya."

Nilitumia miezi minne kupima alichokisema kwa dakika moja. Alikuwa sahihi. Mchanga huo lazima ulowekwe usiku kucha, uchujwe, ndipo uchanganywe.

Sasa nafika kwenye kalavati.

Utafiti wangu ulihitaji kazi halisi ya majaribio, na idara ilikubali nitumie kalavati bovu lenye vyumba vitatu kwenye barabara ya mbugani ng'ambo ya Usoke. Ukarabati wake ulisubiriwa na vijiji viwili ambavyo kila masika hukosa njia ya kufika zahanati. Kwa kuwa nilikuwa chuoni nikirekebisha tasnifu, niliandika ukurasa wa maelekezo, nikautuma pamoja na lori lililobeba magunia kutoka Igwisi. Niliuandika kwa siku tatu. Siku moja kati ya hizo tatu ilikwenda kwa neno moja.

Zege hilo lilikuwa na mchanga wa aina mbili, nusu wa mto na nusu wa volkano. Nikiandika "mchanga" mara mbili, niliwaza, fundi atachanganya. Nikiandika "mchanga wa volkano", atadhani volkano ni jina la mwenye machimbo. Nilifikiria neno la kitaalamu, nikaliacha. Mwishoni niliridhika na istilahi ya vitabu vya jiografia, majivu ya volkano, na kwa kuwa ukurasa ulikuwa unajaa, baada ya kuitaja mara moja juu kabisa, katika orodha niliifupisha. Orodha ilisomeka hivi: saruji mfuko mmoja, mchanga makarai mawili, majivu makarai mawili, kokoto makarai manne. Majivu yachekechwe. Majivu yalowekwe usiku kucha. Majivu yachujwe kabla ya kuchanganywa. Niliusoma ukurasa huo mara tisa, nikarekebisha nukta mbili.

Vyumba viwili vya kwanza vilimwagwa vizuri. Kisha msimamizi wa mafundi aliyepokea magunia akashikwa na malaria, nafasi yake ikachukuliwa na Fundi Gervas, mtu wa Ulyankulu, wa familia iliyotoka Burundi tangu yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikuwa fundi wa kanisa lao na wa nyumba nyingi za Urambo. Alipofika, magunia yalikuwa yamekwisha, na lori lililofuata lilikuwa limezama kwenye tope. Ukurasa wangu ulikuwapo, ila kona yake ya juu, yenye lile neno "volkano", ilikuwa imeliwa na mvua.

Kyubu za chumba cha tatu zilifika maabara nikiwa nimerudi kutoka chuoni. Siku ya saba zilikuwa dhaifu; sikushtuka, zege letu halina haraka. Siku ya ishirini na nane nilizivunja mwenyewe. Ya kwanza ilipasuka kabla sindano haijafika nusu ya tulichotarajia. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu niliidondosha kabla ya kuifikisha kwenye mashine, na haikuhitaji mashine.

Mkuu wetu wa kituo alisimama mlangoni akatazama vipande sakafuni.

"Saruji imeuzwa," alisema.

"Hatujui bado, Mkuu."

"Mimi ninajua. Nusu kwenye zege, nusu sokoni. Ijumaa barua itatoka: fundi aondolewe, faili liende polisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kwa mtu mwingine kesi ya polisi ni kesi. Kwa Fundi Gervas, ambaye vyeti vya uraia vya familia yake bado vilinukia wino, ilikuwa zaidi ya hapo, na kila mtu katika chumba kile alilijua.

Mkuu alipoondoka, Mzee Hemedi aliokota kipande, akakilowesha, akakisugua viganjani kama alivyonifundisha siku ya kwanza. Kisha akanusa.

"Kinateleza," alisema. "Lete mkono."

Kweli kiliteleza, kama sabuni. Ndani yake palikuwa na punje nyeusi ya mkaa, ndogo kuliko mbegu ya mchicha.

"Mke wangu anakamua maji ya namna hii akipika mlenda. Saruji yao ipo, mwanangu, haikuuzwa. Haya ni majivu."

"Ndiyo, Mzee, majivu ya vol—"

"Majivu," alirudia. "Ya kuni."

Kesho yake nilipanda gari la mizigo hadi Usoke, kisha pikipiki. Fundi Gervas alikuwa ameketi juu ya mirunda iliyobakia, akinoa mwiko. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, kwa hiyo nilimwamkia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mhandisi. Wamekwambia mimi mwizi?"

"Wamesema wengine. Mimi nimekuja kuuliza ulichanganya nini."

Alifuta mikono, akachomoa kitabu cha nyimbo za kanisa kutoka mfuko wa shati, na ndani yake, katika karatasi ya nailoni, ukurasa wangu.

"Nilichanganya ulichoandika. Majivu makarai mawili. Nikamuuliza mtunza stoo, majivu gani? Akasema ya kijivu, laini, yalikuja kwenye magunia. Nikasema sawa. Hapa kila shamba lina bani la kukaushia tumbaku, majivu hayatukosi. Lakini sikuchukua ya bani lolote tu. Nilichagua ya wale wanaochoma kuni ngumu za miombo, wasiotupia takataka. Nikachekecha mara mbili. Mkaa tukauokota kwa mkono. Nikaloweka usiku kucha, nikachuja na shuka la mke wangu."

Mmoja wa vibarua alisema kwa sauti kutoka chini ya kalavati:

"Tulimwambia, fundi, leo unatupikia mlenda wa daraja!"

"Nyamaza wewe," Gervas alisema, bila kugeuka. Kisha kwangu, polepole: "Nilishangaa, sikufichi. Miaka yote hii sijawahi kutia majivu kwenye zege. Lakini nikasema, huyu mama amesoma. Nilikosea mstari upi?"

Nilichukua ukurasa nikautafuta mstari huo. Ninataka mwelewe kwamba niliutafuta kwa bidii, kwa sababu ningependa sana kuupata. Alikuwa ametii kila neno. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona maelekezo yakifuatwa kwa uaminifu kama ule, huku zege likitoka bila nguvu ya kumbeba ng'ombe.

"Hukukosea," nilimwambia.

"Sasa mbona linavunjika?"

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama vyumba viwili vizuri, akatazama cha tatu.

"Mchanga," alisema hatimaye. "Kumbe ulikuwa mchanga tu. Si ungesema mchanga, mama?"

Alhamisi nilimpelekea Mkuu ripoti yangu. Aliisoma akiwa amesimama, na alipofika kwenye neno "maelekezo" akaketi.

"Madamu, tuwe watu wazima. Mtu mwenye akili zake hatii majivu ya jikoni kwenye kalavati. Andika hivi: nyenzo zilibadilishwa na fundi. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi hapo weka nukta. Tasnifu yako iko kwa wasahihishaji. Unataka wakuulize haya?"

Sikutaka. Nilirudi mezani kwangu na sentensi hiyo, nikaichambua kama ninavyochambua kila kitu. Nyenzo: kweli. Zilibadilishwa: kweli. Na fundi: kweli. Nilikaa nayo mchana wote nikitafuta uongo ndani yake ili niikatae kwa sababu ya kitaalamu, na sikuupata. Ilikuwa sentensi sahihi iliyopewa kazi ya uongo. Mzee Hemedi alipita akiwa na funguo za kufungia banda, akaona karatasi.

"Bado unahesabu?"

"Ninatafuta namna ya kuiandika, Mzee."

"Namna ipo. Ila utaifunga kwa fundo lipi, lile la kila mtu au lile la mbuzi?"

Niliandika: "Fundi alifuata maelekezo yote. Kosa limo katika maelekezo, ambayo niliyaandika mimi." Nilisaini, nikaambatisha ukurasa uliotoka kwenye kitabu cha nyimbo. Ijumaa barua ya polisi haikutoka. Mkuu hakuzungumza nami isipokuwa kwa maandishi hadi alipohamishwa, jambo ambalo, nikisema ukweli, lilirahisisha kumbukumbu za ofisi. Wasahihishaji waliuliza, kama alivyotabiri. Nilijibu kwa ukurasa mmoja na nusu, wakanirudisha nyuma muhula mzima. Kwa majuma kadhaa sikujiamini hata kuinua koni ya kupimia ulaini wa zege. Mzee Hemedi aliinua badala yangu, akisoma kipimo kwa sauti kana kwamba ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote. Ninalitaja hili kwa sababu baadhi yenu mmewahi kukosea, na mlidhani ni nyinyi tu.

Chumba cha tatu kilivunjwa. Nilikwenda. Vibarua walishika nyundo, lakini Gervas aliwaambia wangoje, akapiga pigo la kwanza yeye mwenyewe, halafu akanipa nyundo mimi. Nilipiga mara moja, kwa unyonge, wakacheka, na kazi ikaendelea. Vijiji vile viwili vilikosa njia masika nzima nyingine. Hilo halikuandikwa katika ripoti yoyote, kwa hiyo ninaliandika hapa.

Kabla ya kumwaga upya, nilikuja na ukurasa mpya. Gervas aliukataa.

"Usinipe nisome kimya. Mimi nitasoma kwa sauti, wewe sikiliza. Nikikwama, futa."

Alisoma mbele ya mafundi wote. Alikwama mara nne, nami nikafuta mara nne. Kwenye orodha nilikuwa nimeandika "mchanga wa volkano wa Igwisi". Kibarua yule wa mlenda akauliza ni upi huo, Gervas akamwonyesha gunia na kusema, "Huu wenye kiu." Tukaandika hivyo: mchanga wenye kiu, makarai mawili. Unywe usiku kucha. Hakuna aliyeuliza tena.

Hapo ndipo ilipotoka desturi yetu ambayo wengi wenu huilalamikia, kwamba maelekezo hayasainiwi mpaka yule atakayechanganya ayasome kwa sauti mbele ya yule aliyeyaandika. Mnasema inapoteza nusu saa. Ni kweli. Nimeipima: mara nyingine hupoteza hata saa nzima.

Mzee Hemedi alistaafu mwaka uliofuata na sasa ni marehemu. Fundi Gervas bado anajenga, ingawa kwa sasa zaidi anakaa kwenye kiti na kuwafokea wanawe. Kalavati lipo. Mwezi uliopita, nikiwa na siku tisa za kazi zilizobaki, nilimwomba dereva anipitishe. Nilishuka, nikainama, nikasugua upande wa chini wa chumba cha tatu kwa kiganja. Kiganja kilibaki safi. Hakuna kutu, hakuna ufa ninaouweza kuuona kwa miwani hii.

Kwenye kona ya ukingo, upande wa Usoke, kuna maneno yaliyochorwa kwa msumari zege likiwa bichi. Mafundi wengi huandika jina au tarehe. Gervas aliandika: SI MAJIVU. Mkuu alipoyaona wakati wa makabidhiano, aliniagiza kwa barua kwamba yasawazishwe kwa lipu mara moja, na mimi ndiye nisimamie. Barua hiyo imo kabati la pili, chini ya faili langu, bado inangoja utekelezaji. Ninawakabidhi pamoja na nyingine zote. Msiwe na haraka nayo.